Sukari Isiyotajwa Jina

Katika mtaa tuliokulia Mombasa, zamani ambapo mabaraza yalikuwa yakijaa watu kila baada ya sala ya alasiri, alikuwako mzee mmoja wa Kihindi, jirani yetu, aliyekuwa na sanduku la mbao lenye bawaba za shaba, na ndani yake vichupa vidogo vilivyopangwa safu kwa safu, kila kimoja kimezibwa kwa kizibo na kubandikwa jina la Kilatini ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kulitamka. Mtoto akishikwa na kikohozi au homa, mamaye humpeleka kwa mzee huyo, naye, baada ya maswali mengi ya kustaajabisha, kama vile mtoto hulalia ubavu upi, hupenda chumvi au hupenda sukari, hulia usiku au hulia alfajiri, hukigongagonga kichupa kwa kidole cha shahada mpaka zikadondoka juu ya karatasi iliyokunjwa punje nne nyeupe, ndogo kama uwele, ambazo mtoto alikatazwa kuzigusa kwa mkono, ila azipokee kwa ulimi. Hakudai pesa. Nasi watoto, kwa kuwa punje zile zilikuwa tamu, tulijifunza mapema kukohoa bila ya kikohozi.

Nimeanza na mzee huyu ili msomaji asinidhanie kuwa naandika kwa chuki, kwani nilimpenda, na namwombea rehema hata leo; lakini mapenzi ni jambo moja na hoja ni jambo jingine, na hoja niliyokusudia kuijibu ni ile ambayo nimeisikia kwa miaka mingi, si kwa waumini wa homiopathia, ambao wao angalau wana itikadi yao wanayoipigania, bali kwa watu wenye elimu wasioiamini hata chembe. Hao husema, tena kwa sauti ya mtu anayejihesabu kuwa mwungwana: "Tujaalie kuwa ni sukari ya maziwa tupu. Sukari ya maziwa haimdhuru mtu. Mgonjwa akiila akafarijika, na ile faraja ikamponya, wewe unaumwa na nini?" Kauli hii imeenea hata madaktari wa hospitali huikubali, wakapandisha mabega na kupita zao. Mimi nasema kuwa ni kauli dhaifu, na ya kuwa upole wake ndio unaoufanya udhaifu wake usionekane.

Kwanza tuijue sukari yenyewe. Maziwa yakigandishwa kwa kutengenezwa jibini, hubaki maji yenye rangi ya kimanjano, na maji hayo yakichemshwa yakapungua, kisha yakaachwa yapoe, hufanya fuwele ngumu, nyeupe, zisizo na harufu, zenye utamu hafifu kuliko sukari ya muwa. Hiyo ndiyo sukari ya maziwa, ambayo wanakemia huiita laktosi. Samuel Hahnemann, mwasisi wa homiopathia, tabibu wa Kijerumani aliyezaliwa Meissen mwaka 1755 na kufariki Paris mwaka 1843, aliichagua kwa sababu aliiona haina nguvu ya dawa hata kidogo, na kwa hiyo yafaa kuibeba nguvu ya dawa nyingine bila ya kuitia doa. Utaratibu aliouweka ulikuwa wa taabu na uangalifu mkubwa: kipimo kimoja cha dawa husuguliwa kinuni pamoja na vipimo takriban 100 vya sukari, nayo sukari imegawanywa mafungu matatu, husuguliwa dakika sita, hukwanguliwa dakika nne, husuguliwa tena, mpaka saa nzima itimie, kisha kipimo kimoja cha unga ule huanzishiwa sukari mpya kwa saa ya pili, na vivyo hivyo kwa saa ya tatu, na baada ya hapo dawa huzimuliwa kwa maji na spiriti, hatua kwa hatua, moja kwa mia kila hatua, huku kichupa kikitikiswa na kugongwa. Ifikapo hatua ya 12 hesabu ya kemia haituruhusu tena kutumaini kuwa imebaki hata molekuli moja ya kile kitu cha asili, na hatua aliyoipenda sana Hahnemann ilikuwa ya 30, yaani sehemu moja katika idadi inayoandikwa kwa moja na sifuri 60. Hesabu hii imerudiwa mno na wapinzani wake hata imechakaa, nami sitakaa juu yake.

Jambo ambalo halikurudiwa vya kutosha ni hili, ya kwamba katika homiopathia sukari ya maziwa haikuwa chombo cha kubebea dawa tu. Ilikuwa pia ikitolewa peke yake, kwa makusudi, na mgonjwa asiambiwe. Hahnemann aliamini kwamba dawa iliyochaguliwa sawasawa yapasa kuachwa ifanye kazi yake kwa siku nyingi bila ya kuingiliwa na dozi nyingine, lakini aliwajua wagonjwa wake, kwamba mtu aliyelipa ada yake hatulii mpaka apate cha kumeza kila siku. Basi katika kitabu chake juu ya maradhi sugu, kilichoanza kutoka mwaka 1828, aliwafundisha wanafunzi wake wampe mgonjwa karatasi za unga zilizotiwa nambari, ameze moja kila siku, zote zikiwa sukari ya maziwa isipokuwa ile moja ambayo daktari peke yake aijua. Na sukari kwa matumizi hayo akaihesabu kuwa ni neema ya Mungu isiyo na thamani ya kulipwa. Katika toleo la sita la kitabu chake kingine, Organon, alilolimaliza mwaka 1842 na lisipigwe chapa mpaka mwaka 1921, aliagiza tena ya kwamba mgonjwa aachwe siku 8, 10 au 15 pasipo dawa, akipewa unga wa sukari tu, ili ijulikane kama dalili zilizobaki ni za ugonjwa au ni za dawa yenyewe. Wanafunzi wa wanafunzi wake waliliandika jambo hilo kwa mkato, *Sac. lac.*, na pale wagonjwa walipoanza kuujua mkato huo, yakazuka majina mengine ya kuwapumbaza, *Rubrum*, *Phytum*, na hata *Nihilinum*, jina ambalo mwenye Kilatini kidogo tu atalifahamu, kwani *nihil* maana yake ni si kitu.

Mzee wetu alipofariki, mwanawe alinifungulia lile sanduku. Vichupa vingi vilikuwa vimejaa kama vilivyotoka dukani, na vibandiko vyake bado vyang'aa. Kimoja tu, cha pembeni, kilikuwa kimechakaa, kizibo chake kimebadilishwa, kibandiko kimeandikwa upya kwa wino wa mkono, na jina lililoandikwa lilikuwa *Sac. Lac.* Sikumwambia mwanawe kitu.

Na taajabu haijesha. Kitabu kikubwa cha dawa za homiopathia cha Clarke wa London, kilichotoka mwanzoni mwa karne ya 20, kina mlango unaoieleza sukari ya maziwa kuwa ni dawa kamili kama dawa nyingine, yenye dalili zake inazozitibu, baada ya kuzimuliwa kama zinavyozimuliwa nyingine. Kwa hiyo kitu kimoja, kilichotoka katika maji ya jibini, ni chombo kisicho na nguvu kinapobeba dawa, ni hadaa isiyo na nguvu kinapotolewa peke yake, na ni dawa yenye nguvu kinapozimuliwa. Na ili kukizimua kama desturi ilivyo huna budi kukisugua kwanza kwa sukari ya maziwa. Hapa naomba ruhusa ya msomaji nicheke kidogo, kisha niendelee.

Sasa tuzipime zile karatasi zenye nambari. Tabibu aliyempa mgonjwa karatasi 14 anadai kwamba ya tatu ndiyo dawa na 13 zilizobaki ni sukari. Amelijuaje hilo? Si kwa kuionja, kwani ladha ni moja. Si kwa kuitazama, kwani rangi ni moja. Si kwa mizani, wala kwa chombo chochote cha maabara. Amelijua kwa sababu ameliandika katika daftari lake. Lau mtumishi wake angeziangusha karatasi zile kabla hazijatiwa nambari, zikachanganyika, tabibu huyo hana njia yoyote duniani ya kuirudisha dawa mahali pake, na itambidi ama azitupe zote ama amwachie Mungu. Mwenye duka la dawa aliyechanganya kwinini na unga wa muhogo hupata hasara ya siku moja, kwani ulimi wake utamwambia. Huyu wetu amepoteza kitu ambacho hakuna kiumbe awezaye kukitambua, naye mwenyewe ni wa kwanza katika wasioweza. Hoja hii, nakiri, si wapinzani walioibuni: imo ndani ya desturi ya wenyewe, wao waliozitia karatasi nambari kwa sababu walijua kwamba hazitofautiki.

Na walipatikana watu, tena zamani, walioifuata hoja hiyo mpaka mwisho wake. Huko Nuremberg mwaka 1835, kulipokuwa na mabishano makali ya magazetini baina ya madaktari na wafuasi wa Hahnemann, watu wa mji walikutana katika mkahawa mmoja wakaandaa vichupa 100, wakavitia nambari, wakavichanganya, nusu wakavitia chumvi ya kula iliyozimuliwa hatua ya 30, na nusu maji ya theluji yaliyochujwa kwa mvuke bila ya kitu kingine. Orodha ya nambari ikafungwa kwa lakiri, ili asijue mnywaji wala asijue mgawaji. Katika watu 50 waliorudi na habari zao, 42 hawakuhisi lolote. Wanane walisema wamehisi jambo, na orodha ilipofunguliwa ikaonekana watano walikunywa chumvi na watatu walikunywa maji. Nambari ni zile zile alizozitumia Hahnemann; tofauti ni kwamba yeye alizitia ili mgonjwa peke yake asijue, na watu wa Nuremberg walizitia ili pasiwe na yeyote anayejua, mpaka saa ya kufungua.

Mtetezi mpole amekuwa akinisikiliza kwa subira, na sasa anasema: "Hayo yote nayakubali tangu mwanzo. Mimi sisemi kuwa ni dawa. Nasema kuwa ni plasebo, na plasebo huponya." Neno hilo ni la Kilatini, maana yake ni "nitapendeza", na katika Kiswahili wako waliolipa jina la kipozauongo, jina ambalo lina insafu kuliko la Kilatini, kwa sababu limeutaja uongo waziwazi. Lakini je, huponya? Mwaka 2011 madaktari wa Boston walitangaza jaribio walilowafanyia wagonjwa wa pumu, ambao kwa zamu walipewa dawa ya kuvuta yenye nguvu, au kivuta kisichokuwa na dawa, au sindano za Kichina za kuigiza, au hawakupewa kitu. Walipoulizwa wanajionaje, waliopewa kivuta kitupu walisema wamepata nafuu karibu sawa na waliopewa dawa, asilimia 45 kwa asilimia 50. Walipopulizishwa katika kile chombo kinachopima pumzi, dawa ilikuwa imeyafungua mapafu kwa asilimia 20, na kivuta kitupu kwa asilimia 7 tu, sawa na wale wasiopewa kitu chochote. Mgonjwa wa pumu anayejihisi nafuu ilhali kifua chake bado kimebana hakuponywa. Amezimiwa taa ya kumwonya, na yeye hajui kuwa imezimwa, naye atakwenda kulala usiku huo kwa utulivu ambao hakustahili kuwa nao.

Sisemi kwamba faraja si kitu. Maumivu, kichefuchefu, uchovu, hofu, hayo huitikia maneno mazuri na mkono wa tabibu, na yule mzee wetu, aliyemsikiliza mama wa mtoto kwa nusu saa nzima huku akimimina chai, alimpa jambo ambalo zahanati zetu zenye foleni ndefu zimesahau kulitoa. Ikiwa homiopathia ina la kutufundisha basi ni hilo la nusu saa, na wala halihitaji kinu wala spiriti. Walakini faraja haina haja ya uongo. Huko huko Boston, mwaka 2010, wagonjwa 80 wenye maradhi ya tumbo linalosokota waligawanywa makundi mawili, na kundi moja likapewa vidonge na kuambiwa waziwazi kuwa ni plasebo, havina dawa ndani yake. Baada ya wiki tatu asilimia 59 ya waliopewa vidonge walisema wamepata nafuu ya kutosha, na katika wasiopewa asilimia 35. Sitaki kuujengea ghorofa utafiti mdogo kama huo, lakini kwa hoja yetu unatosha: ile sababu aliyokuwa akiitoa mtetezi, kwamba lazima mgonjwa adanganywe ndipo anufaike, imeanguka.

Na hapa ndipo ninapofika kwenye uchungu wangu, maadamu niliulizwa ninaumwa na nini. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na hakuna tiba inayolichukua neno hilo kwa ukamilifu kama homiopathia, ambayo humtaka mgonjwa aeleze ndoto zake, haja zake, hasira zake, mambo ambayo pengine mkewe hayajui. Mgonjwa huvua yote. Kisha yule aliyevuliwa mbele yake huinama mezani, hukunja karatasi 14, huandika nambari, na hamwambii mwenziwe kilichomo. Hiyo ni amana ya upande mmoja. Daktari Richard Cabot, wa Boston vilevile, alieleza mwaka 1903 kwamba alilelewa, kama madaktari wote wa zama zake, katika kutumia vidonge vya mkate na sindano za maji, na akayakana hayo hadharani, kwa kuwa aliona kila hadaa ya namna hiyo humfundisha mgonjwa kwamba kila maumivu yana chupa yake dukani, na kwamba daktari ni mtu wa kuaminiwa mpaka siku utakapomgundua. Msomaji atambue kuwa huyu alikuwa akiwalaumu madaktari wenziwe wa hospitali, si wenye vichupa. Nami siwatoi hospitali katika lawama: anayemwandikia mgonjwa wa mafua sindano ya vitamini ili aondoke ameridhika ni ndugu wa anayekunja karatasi.

Kuna wanaonijibu kwamba hata vidonge vya hospitali vimejaa sukari ya maziwa. Ni kweli, kwani dawa ambayo uzito wake ni sehemu ndogo ya gramu haishikiki kidoleni mpaka iongezwe kitu cha kuijaza, na sukari ya maziwa ni katika vitu vinavyotumiwa sana kwa kazi hiyo. Lakini kidonge hicho kikipelekwa maabara, dawa yake huonekana, hupimwa, na ikipungua mwenye kiwanda huulizwa. Sukari pale ni gunia, na kilichomo guniani kinahesabika.

Tena huambiwa kwamba sukari haiui. Sukari haiui, siku zinazopita ndizo zinazoua. Mwezi Agosti mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lililazimika kutamka kuwa halipendekezi homiopathia kwa UKIMWI, kifua kikuu, malaria, mafua, wala kuhara kwa watoto wachanga, na mtu wa pwani yetu akiisoma orodha hiyo ataona kwamba, ukitoa mafua, ni maradhi yanayojaza wodi zetu na makaburi yetu. Mtoto mwenye homa ya malaria aweza kuwa anacheza asubuhi na kushikwa na degedege usiku; mama aliyeambiwa aisubiri dawa "ifanye kazi" kwa siku nane hana siku nane. Haya mtetezi mpole hayaoni, kwa sababu yeye mwenyewe, akipandwa na homa, hupimwa damu.

Lakini sitakuwa na insafu nisipotaja utetezi ulio bora kuliko wote. Kipindupindu kilipoingia London mwaka 1854, hospitali ya homiopathia ya mji huo ilipokea wagonjwa 61 wa kipindupindu wakafa 10, yaani takriban 16 katika kila mia, ilhali katika hospitali nyingine walikufa zaidi ya nusu. Hesabu hizo ziliachwa nje ya taarifa ya serikali mpaka Bunge lilipodai zichapishwe, na wafuasi wa Hahnemann wangali wakizitaja, na wana haki ya kuzitaja. Ila wazitaje pamoja na sababu yake. Madaktari wa wakati ule walikuwa wakimtoa damu mtu aliyekwisha kukaukiwa maji mwilini, wakimpa zebaki na dawa za kuharisha. Mgonjwa aliyepewa sukari, akafunikwa blanketi, akaachwa anywe maji, alikuwa amenusurika na daktari, ijapokuwa bado anapigana na ugonjwa. Hahnemann aliona ukatili wa tiba ya zama zake kabla ya wengi kuuona, na kwa hilo heshima yake haipungui. Lakini sukari iliyoshinda sumu haikuwa dawa kwa ushindi huo, na leo mshindani wake si kisu cha kutolea damu.

Mshindani wake leo ni sukari nyingine. Mwaka 1971, vita vya Bangladesh vilipowasukuma mamilioni ya watu kuvuka mpaka, kipindupindu kikazuka katika kambi ya Bongaon, Bengali ya Magharibi, nchi ile ile ambayo homiopathia imestawi ndani yake kuliko karibu popote duniani. Na daktari Dilip Mahalanabis, alipoishiwa na maji ya kutundika, aliwaagiza watu wapime sukari na chumvi, wavifunge mifukoni, na wavikoroge katika maji safi, ndugu wa mgonjwa wenyewe wakimnywesha kwa vikombe. Vifo vilivyokuwa karibu 30 katika kila mia vilishuka mpaka chini ya 4. Sukari hiyo haikuzimuliwa wala kugongwagongwa. Ilifanya kazi kwa sababu ukuta wa utumbo hauipitishi chumvi kwa wepesi ila ikifuatana na sukari, nayo maji huifuata chumvi, na jambo hilo lilikwisha kuelezwa na wanasayansi miaka kumi na zaidi kabla ya Bongaon. Mwenye kuikoroga anakijua anachokoroga, na mwenye kuinywa anakijua anachokunywa, kwa kuwa hakuna karatasi iliyofichwa nambari: vijiko sita vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chumvi, na lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa.